Jozi ya Kwanza Kutoka Kwenye Belo

Katika usharika wetu, nje kidogo ya mji wa Njombe, ibada haiishi kwa baraka ya mwisho. Watu hutoka, husimama mbele ya mlango mkuu, na meza ya mbao huletwa nje. Juu yake huwekwa sadaka zile ambazo si fedha: kuku aliyefungwa miguu, mayai, debe la mahindi, viazi, parachichi, pengine kitambaa alichofuma mama mmoja. Mzee wa kanisa husimama nyuma ya meza na kuzinadi. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, na ninamshukuru Mungu kwa sauti aliyoniachia mpaka leo.

Mgeni asiyeujua mnada huo hushangaa. Yai moja linaweza kununuliwa kwa bei ya trei nzima, na aliyelinunua akalirudisha mezani linadiwe tena. Hakuna anayelalamika kwamba amepunjwa, maana kila mmoja anajua yai ni bei gani sokoni, na anajua pia fedha yake inakwenda wapi. Kwa hiyo mwanangu aliponiambia kwamba jozi moja ya raba, tena iliyokwisha kuvaliwa, ilikuwa imepata mnunuzi wa laki saba, mimi niliyewahi kuuza yai kwa elfu kumi na tano sikupaswa kushangaa. Nilishangaa, na nikafanya mambo ambayo nayaandika hapa bila kujivunia.

Mwanangu huyo ni wa nne kuzaliwa. Anaishi Lyamkena, pale Makambako, na mkewe na mtoto wao mdogo. Nilikuwa nimewagawia watoto wangu miti ya mbao, kila mmoja kipande chake. Wenzake waliiacha ikue. Yeye aliiuza ingali michanga, akasema anataka kufanya biashara ya viatu vya mtumba. Sikupenda. Mti ukiukata kabla ya wakati wake huwezi kuurudisha shinani. Lakini nilikuwa nimeshampa, na kitu ulichompa mtu si chako tena, nikanyamaza.

Siku ya kufungua belo lake la kwanza, furushi kubwa la viatu alilolinunua bila kuona ndani, aliniomba niende nikaliombee. Nilikwenda. Upepo wa Makambako ulikuwa mkali asubuhi ile, turubai la kibanda linapiga kelele kama linataka kung'oka. Belo lilikuwa limekaa chini, limekazwa kwa mikanda ya plastiki, na ndani yake ilikuwamo miti yake yote. Niliweka mkono juu yake nikaomba. Nilipomaliza, mwanangu aliongeza neno lake mwenyewe. Alisema, "Bwana, jozi ya kwanza itakayotoka humu ni malimbuko yako." Nikaitikia, "Amina," na mkewe akaitikia, "Amina." Mama mmoja anayeuza mapazia kibanda cha pili akaitikia pia kutoka kwake.

Malimbuko kwetu ni neno zito. Tangu utoto tulifundishwa kwamba kitu cha kwanza cha shamba hakiliwi nyumbani kabla hakijapelekwa kanisani. Hatuchagui katikati ya shamba baada ya kuona mavuno yamekuwaje. Tunatoa cha kwanza, kabla hatujajua vingine vitakuwaje.

Alikata mikanda, akatia mkono, akatoa raba. Zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kamba zake. Mguu wa kulia ulikuwa na ulimi wa njano na kamba za kahawia. Mguu wa kushoto ulikuwa na ulimi wa kijivu na kamba za kijani. Ukubwa ulikuwa mmoja, lakini mtu yeyote angesema aliyezipanga huko zilikotoka alichanganya jozi mbili.

Mama wa mapazia alikuwa ameshasogea kutazama. "Ehe!" alisema. "Mungu wenu leo anavaa mguu wa huyu na mguu wa yule!"

"Nyamaza, mama," mwanangu alimjibu huku akicheka, lakini uso ulikuwa umemshuka. Akanigeukia. "Baba, hii ni aibu. Nawezaje kupeleka kitu cha namna hii? Nichague nyingine?"

Nilifikiri kidogo, nikasema, "Chagua nyingine. Sadaka haipaswi kuwa na kilema."

Nilisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayejua. Akachagua viatu vyeusi vya ngozi, vizuri kabisa, akaviweka kando. Zile raba alizitupa pembeni pamoja na viatu vyenye kasoro.

Na belo lile lilijaa kasoro. Viatu vingi vilikuwa vimekaa mahali kwa muda mrefu mno. Ukivitazama ni vizuri, ukivikanyaga mara mbili soli inapasuka na kumwagika kama mkate uliokauka. Nilimwona mwanangu akijaribu kimoja baada ya kingine kwa kidole gumba, na kila soli iliyobomoka aliitazama kwanza, kisha akaitupa. Mkewe alimbeba mtoto akatoka nje. Jioni nilirudi Njombe nikiwa na mawazo.

Baada ya siku chache alinipigia simu. Alisema kijana mmoja mteja alizikuta zile raba kwenye rundo la kasoro, akazipiga picha, akamtumia mtu wa Dar es Salaam anayenunua raba za namna hiyo na kuziuza tena kwa wanaozipenda. Mtu huyo alipiga simu siku ileile. Alisema si jozi mbili zilizochanganywa. Zilitengenezwa hivyo kwa makusudi. Kuna mwanamuziki maarufu wa ng'ambo aliyeungana na kampuni ya viatu wakatoa jozi chache tu, zikaisha dukani siku moja, na tangu hapo bei imekuwa ikipanda kila zinapotoka kwa mtu kwenda kwa mwingine.

"Anatoa laki saba, Baba."

"Laki saba kwa raba zilizovaliwa?"

"Anasema zikiwa mpya ni zaidi ya hapo mara nyingi."

"Zina nini ndani yake?"

"Hazina kitu. Ni raba." Akashusha sauti. "Baba, ile ndiyo jozi ya kwanza."

Nilikuwa nimeshaifikia hoja hiyo kabla yake, na jibu nilikuwa nimelitafuta tayari. Nilimwambia kwamba tulikwisha kubadilisha, kwamba viatu vyeusi ndivyo malimbuko, na Mungu anaangalia moyo. Nilimwambia auze zile raba anunue belo jingine. Nilikuwa naiona miti yake ikirudi shinani.

Akasema, "Tuliikataa kwa sababu tuliiona mbaya. Tukasema haimfai Mungu. Leo tumeambiwa ni nzuri, tunasema ni nzuri mno kwa Mungu. Sasa yeye apewe jozi ipi, Baba?"

Nimefundisha vipaimara miaka mingi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali kama hilo.

Nikajaribu njia nyingine. "Basi ziuze, fedha ndiyo uilete kanisani."

"Nilisema jozi. Sikusema bei. Tena najijua, Baba. Hiyo laki saba ikiingia mkononi mwangu sitaileta yote. Nitakata ya kodi ya kibanda, nitakata ya mtoto, nitakuletea hamsini na maelezo marefu."

Jumamosi alikuja Njombe na raba ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa amezisafisha kwa mswaki. Viatu vyeusi alikuwa ameviuza apate nauli na unga wa nyumbani. Mama yake alizitazama zile raba muda mrefu, akauliza kama abadilishe kamba zilingane. Mwanangu alimzuia. Kabla ya kulala alinisogelea akasema, "Kesho usiitangaze bei ya Dar. Ukiitangaza itaonekana nimekuja kujisifu." Nikakubali upesi. Sababu yake ilikuwa unyenyekevu. Sababu yangu ilikuwa aibu, maana sikutaka watu wajue mtoto wa mzee wa kanisa anatupa laki saba wakati belo lake limeharibika.

Jumapili ile kulikuwa na baridi na ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye mikaratusi. Niliuza viazi, nikauza kuku wawili, kisha nikanyanyua zile raba. Watu walicheka kidogo.

"Mzee, hizo zimegombana!" mmoja alipiga kelele.

"Ni za kijana wetu wa Makambako," nilisema. "Ni malimbuko ya biashara yake. Tuanzie wapi?"

"Elfu tano!"

Kijana mmoja wa kwaya alisogea, akaishika moja, akaigeuza, akachungulia ndani. "Hizi nimeziona kwenye simu," alisema. "Lakini za kweli haziwezi kufika huku. Hizi ni feki, Mzee, ni za kuiga." Akairudisha mezani.

Nilikuwa na neno moja la kusema. Lilinifika kwenye meno. Nilimtazama mwanangu aliyesimama nyuma ya kina mama, naye akatikisa kichwa taratibu. Nikaendelea. "Elfu tano mara ya kwanza. Nani anaongeza? Soli ni nzima, nimezikanyaga mwenyewe."

Zilipanda polepole. Elfu kumi. Elfu kumi na nane, kwa sababu mwinjilisti aliwatania vijana kwamba wameogopa. Kisha mama mmoja mkulima wa viazi, mtu wa maneno machache, akasema, "Thelathini." Mzee mwingine akasema thelathini na tano, nadhani kwa kumtania. Yule mama akasema, "Arobaini na moja," akafungua kitambaa alichofungia fedha kabla sijamaliza kuita mara ya tatu. Hakuzirudisha mezani zinadiwe tena. Alizitia kwenye kikapu, akafunika kwa khanga, akaondoka.

Mwanangu alirudi Makambako. Alipotoka mlangoni mwa nyumba yetu alionekana mwepesi kuliko alipoingia, nami nilibaki mzito.

Katikati ya juma alinipigia simu akicheka kicheko kisichokuwa na furaha. Mtu wa Dar es Salaam alikuwa amepandisha bei mpaka milioni moja. "Nikamwambia zimekwenda kanisani," alisema. "Akaniuliza, kanisa gani, una namba ya mchungaji?" Alinieleza kama kichekesho tu. Hakuniomba kitu. Lakini mimi usiku huo niliamka mara tatu, na kila mara nilikuwa nahesabu.

Asubuhi nilivaa koti, nikachukua elfu sitini, nikaenda kwa yule mama. Njiani nilijiambia kwamba nampa faida ya karibu elfu ishirini, na kwamba hakuna mtu wa kijijini kwetu anayepata faida kama hiyo kwa siku tatu. Nilijiambia pia kwamba sadaka ilikwisha kufika kwa Mungu, sasa ni kitu cha kawaida mikononi mwa mtu wa kawaida. Mambo yote hayo ni ya kweli. Hata sasa sijaona uongo ndani yake nikiyachukua moja moja.

Alikuwa akichambua mbegu za viazi uani.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, Mzee. Karibu. Leo mnada umetufuata nyumbani?"

Nikacheka, nikakaa kwenye kigoda alichonisogezea. Nilimwambia kwamba kijana wangu amezikumbuka zile raba, kwamba vijana wana mambo yao, na kama angekubali ningemrudishia fedha yake na nyongeza. Nilizitoa zile elfu sitini nikaziweka gotini.

Alizitazama, kisha akanitazama. "Kijana alitoa kwa Mungu, sasa anazitaka?"

"Ni mambo ya vijana."

"Kama ni zake achukue," alisema. "Siwezi kukaa na kitu ambacho mwenyewe anakililia. Lakini mmoja nimeukata."

Akanionyesha upande wa ukuta unaopigwa na jua. Mume wake alikuwa amekaa pale juu ya mkeka, mgongo ukutani. Nilijua alikuwa anaumwa muda mrefu na miguu inavimba, lakini sikuwa nimeiona. Alikuwa amezivaa zile raba. Kamba zote zilikuwa zimetolewa. Ule wa kushoto ulikuwa umechanwa kwa kisu kuanzia kwenye ulimi mpaka karibu na vidole, na mguu wake ulikuwa umejaa ndani yake.

"Viatu vya ngozi vinamtoa machozi," mkewe alisema. "Kandambili hazikai. Nilipoziona pale mezani niliona zina kifua kipana na ndani ni laini. Jana alitembea kutoka ukutani mpaka chooni bila kunishika bega. Tangu Krismasi hajafanya hivyo."

Mume alikuwa amesikia yote. Aliinama, akaanza kuvua ule mguu wa kulia, ule mzima, taratibu, akiushika kisigino kwa mikono miwili.

Sijui namna ya kueleza jinsi nilivyoiona mikono ile ikifanya kazi ile. Nilisimama. Nikasema, "Usivue, ndugu yangu. Nimesema uongo." Kisha nikawaambia. Niliwaambia kuhusu belo, na miti, na mwanamuziki wa ng'ambo, na mtu wa Dar es Salaam. Niliwaambia kijana wangu hakunituma. Niliitaja bei.

Yule mama aliweka mkono mdomoni. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa khanga. "Milioni! Baba, umesikia? Umekwenda nayo chooni!"

Mumewe hakucheka. Aliutazama ule mguu uliochanwa. "Ule mzima peke yake hawaununui?" aliuliza.

"Hapana, ndugu yangu."

"Sasa nivue au nisivue?"

"Usivue."

Akarudisha mguu ndani. Mkewe aliacha kucheka. Akaniuliza, bila ukali, "Pale mezani ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ungesema, Mzee. Ungesema bei, mimi ningekaa kimya, angechukua mwenye uwezo, na huyu angebaki bila viatu. Hukusema, nikapata. Kwa hiyo sijui nikulaumu vipi." Alichukua kiazi akakigeuza mkononi. "Lakini leo ulikuja na elfu sitini ukiwa unajua. Hapo najua namna ya kukulaumu."

Nikaomba msamaha. Akanisamehe, akanifungashia viazi, na sikuweza kukataa. Niliondoka nikiwa na viazi vyake na elfu sitini zangu, na kila kimoja kilikuwa kizito.

Jumamosi nilikwenda Makambako kumwambia mwanangu. Nilimkuta kibandani amekaa juu ya kreti la soda, amewasha mshumaa wa kuyeyushia gundi, anabandika soli. Alikuwa ameamua kuokoa viatu vichache vinavyookoleka. Nilimweleza yote tangu mwanzo. Alisikiliza bila kuacha kazi. Nilipofika kwenye habari ya yule baba aliyetembea mwenyewe, mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu. "Ulimwambia bei kabla ya kumtolea elfu sitini, au baada?"

"Baada."

Aliibana soli kwa vidole mpaka gundi ikashika. Upepo ulikuwa unaingia na vumbi. Nilitamani anikemee, maana ningejua pa kuanzia.

"Mimi nilikuwa nimeshaziacha, Baba," alisema hatimaye. "Zilikuwa zimenitoka moyoni. Wewe ndiye uliyezifuata."

"Ni kweli."

"Ulizifuata kwa ajili yangu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilimwambia, "Kwa ajili ya ile miti."

Akaitikia kwa kichwa. Tangu siku ile nimeulizwa na watu kadhaa, kwa maana habari kama hiyo haifichiki, kama kweli raba zinaweza kuwa na thamani ya milioni moja. Nawajibu kwamba sijui mambo ya mwanamuziki yule wala ya watu wanaonunua jina lake. Kama mtu ana milioni yake, na muuzaji hajamficha kitu, wapatane. Mimi niliijua bei ya Dar tangu kabla ya mnada, na haikunisaidia kuziona zile raba. Aliyeziona ni yule mama, aliyetazama upana wa kifua cha kiatu.

Siku ile pale kibandani, tukiwa bado tunaongea, alikuja mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, akainua kiatu kimoja kwenye rundo. "Hiki kizima?" aliuliza.

"Si kizima, dada," mwanangu alijibu. "Soli yake niliibandika jana. Ukikitunza kitakufikisha mvua zijazo, ukikilimia hakifiki Jumapili. Elfu nne."

"Elfu mbili."

"Tatu na mia tano. Kijaribu kwanza."

Mwanamke alitafuta mahali pa kukaa. Nilimpisha kwenye kigoda nilichokuwa nimekalia, nikamtafutia mguu wa pili kwenye rundo.